Kwa Nini Nchi Ndogo Hutafuta Washirika wa Kijeshi: Mfano wa Finland

Nchi haichagui jirani. Finland ina watu wapatao milioni 5.6, na mpaka wake na Urusi una urefu wa kilomita 1,340 hivi. Kwa miaka mingi ilikataa kujiunga na umoja wowote wa kijeshi. Tarehe 4 Aprili 2023 ikaingia NATO. Je, ni nini kilichobadilika?

Tuanze na historia. Tarehe 30 Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti uliivamia Finland. Shirikisho la Mataifa lilimfukuza mvamizi, na watu wa kujitolea walikuja kusaidia, lakini hakuna serikali iliyoingia vitani upande wa Finland. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wafini walilinda uhuru wao, lakini kwa amani ya Machi 1940 walipoteza karibu sehemu ya kumi ya ardhi yao, na watu zaidi ya laki nne wakayahama makazi yao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili walichagua njia nyingine: kutompa jirani sababu ya hofu. Mwaka 1948 walitia sahihi mkataba wa urafiki na Moscow, wakakaa nje ya kambi za kijeshi. Njia hiyo hutegemea neno la jirani. Mwaka 1994 Urusi iliahidi kuheshimu mipaka ya Ukraine. Mwaka 2014 ikaitwaa Krimea, na Februari 2022 ikaivamia nchi nzima. Hapo Wafini wengi walibadili mawazo.

Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO inasema kwamba kumshambulia mwanachama mmoja ni kuwashambulia wote, ingawa kila nchi huamua yenyewe itasaidiaje. Lengo kuu si kushinda vita, bali kumfanya mwenye nguvu apige hesabu kabla ya kuvianza.

Hata hivyo, ulinzi huu una gharama. Kwanza, anayelindwa naye anawajibika kuwalinda wengine. Pili, ngao ya mmoja huweza kuonekana kwa jirani kama mkuki, naye akaongeza askari mpakani. Hofu ikazaa hofu.

Ndiyo maana Finland haikulivunja jeshi lake la wananchi. Mshirika husaidia kuulinda mlango; komeo huweka mwenye nyumba. Na hata mlango ukilindwa vyema, jirani ni yuleyule, na siku moja itabidi kuzungumza naye.