Pazia Lenye Pepo: Vitabu vya Lotte Eisner juu ya Senema ya Kijerumani

Kitabu maarufu cha Lotte H. Eisner juu ya senema ya Kijerumani kina majina matatu, na majina hayo hayapatani. Kilipotolewa mara ya kwanza mjini Paris katika mwaka wa 1952 kiliitwa L'Écran démoniaque; kwa Kijerumani, mwaka 1955, kikawa Die dämonische Leinwand; na kwa Kiingereza, mwaka 1969, The Haunted Screen. Mtu atakayeyafasiri majina mawili ya kwanza kwa Kiswahili pasipo kukisoma kitabu ataandika mara moja "Pazia la Kishetani", naye atakuwa amekosea. Mwandishi mwenyewe alionya kwamba neno hilo alilitumia kwa maana yake ya Kiyunani, kama lilivyoeleweka na mshairi Goethe, yaani lile lihusulo nguvu zipitazo maumbile, wala si lazima liwe ovu. Jina la Kiingereza nalo limeelekea kwingine, kwenye nyumba yenye mizuka. Hapa Kiswahili kina bahati. Pepo aweza kudhuru, lakini pia hutulizwa, hupungwa, huchezewa ngoma, na mtu aliyepandwa naye huitwa kiti chake. "Pazia Lenye Pepo" si fasiri kamili. Hata hivyo yakaribia nia ya mwandishi kuliko ile ya Kiingereza.

Eisner alizaliwa Berlin mwaka 1896, akasomea historia ya sanaa na mambo ya kale, na katika mwaka wa 1924 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya michoro ya vyungu vya Kiyunani. Yafaa jambo hilo likumbukwe, maana ndilo lililompa jicho lake. Tangu 1927 aliandika katika gazeti la Film-Kurier. Mwaka 1933, akiwa Myahudi, alikimbilia Ufaransa. Wakati wa vita alifungwa katika kambi ya Gurs, kisha akaishi kwa jina la uongo huku akisaidia kuficha mikebe ya filamu ili isiangamizwe. Baada ya vita alikuwa mhifadhi mkuu wa Cinémathèque française kwa muda wa miaka thelathini hivi.

Hoja yake ni hii: senema ya Kijerumani ya miaka ya 1913 hadi 1933 haikuzuka ghafla kutokana na huzuni ya kushindwa vitani. Ilirithi. Hadithi za kutisha ziitwazo za Kigothi, ambazo kwa kawaida huanziwa na riwaya ya Mwingereza Horace Walpole ya mwaka 1764, zilikuwa na ndugu zao Ujerumani, na katika mikono ya E. T. A. Hoffmann zikawa kitu kingine kabisa: vivuli vinavyojitenga na wenyewe, sura katika kioo isiyomtii mwenye uso, mashine iliyo hai. Mashine ya kupigia picha, asema Eisner, ilikuja tu kuyapa umbo la kuonekana yale ambayo Waromantiki walikwisha kuyaota. Baina ya Hoffmann na senema yeye humweka Max Reinhardt, bwana wa michezo ya jukwaani mjini Berlin, aliyewafundisha waongozaji wengi namna ya kuutoa mwanga katikati ya giza. Kwa hiyo alikataa kuziita filamu zote za wakati ule za "Kiekspreshonisti". Das Cabinet des Dr. Caligari ya mwaka 1920, ambamo hata vivuli vilipakwa rangi juu ya kitambaa, ndiyo ya mtindo huo. Nyingi nyingine zilitoka kwa Reinhardt.

Neno analolitegemea sana ni Stimmung, na mfasiri yeyote atalihangaikia. Kwa Kijerumani ni hali ya moyo, tena ni hali inayoenea chumbani au penye mandhari. Lakini pia ni kule kukaza nyuzi za chombo mpaka sauti zipatane. Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati tu. Hoffmann mwenyewe alikuwa mtungaji wa muziki. Opera yake Undine ilichezwa Berlin mwaka 1816, na uhakiki wake wa simfonia ya tano ya Beethoven, wa mwaka 1810, uliifanya ala isiyo na maneno kuwa lugha ya hofu na shauku. Weber katika Der Freischütz (1821) aliionyesha hofu hiyo katika bonde la usiku, na Marschner mwaka 1828 akatunga opera nzima juu ya mfu anyonyaye damu. Filamu "bubu" hazikuwa kimya kamwe. Nosferatu ya F. W. Murnau, ya mwaka 1922, yajiita katika jina lake simfonia ya kutisha, na muziki wake ulitungwa na Hans Erdmann. Inasikitisha kwamba Eisner, mwenye jicho kali hivyo, hakulisikiliza jambo hili kwa urefu. Sikio lake lilikuwa picha.

Nosferatu ilitengenezwa pasipo idhini ya mjane wa Bram Stoker, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zake ziteketezwe. Zilizosalimika ndizo zilizomwezesha Eisner kuandika. Katika kitabu chake juu ya Murnau, cha mwaka 1964, anaonyesha jinsi mwongozaji huyo alivyotoka nje ya studio, akazipiga picha nyumba za kweli za Wismar na Lübeck, na kuitoa hofu katika upepo na mawimbi.

Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha mwaka 1947, alikuwa amezisoma filamu hizo hizo kama bishara ya Hitler. Eisner hakupenda kukimbilia huko. Hata hivyo naye huzungumza mno juu ya "roho ya Kijerumani", kana kwamba taifa zima lina roho moja, na Thomas Elsaesser, katika mwaka wa 2000, aliwalaumu wote wawili kwa kusahau kwamba studio zilikuwa pia mahali pa biashara. Lawama hiyo ina haki. Lakini aliyeyasema hayo ya roho alikuwa amefukuzwa na nchi iliyoidai roho hiyo kuwa yake peke yake, naye alikuwa akiwarudisha Hoffmann na Murnau mikononi mwa wasomaji wengine.

Mwaka 1974, Eisner alipougua sana, mwongozaji Werner Herzog alitembea kwa miguu kutoka München hadi Paris, akiamini kwamba akifika hivyo hatakufa. Eisner aliishi hadi 1983. Mwaka 1979 Herzog alitoa Nosferatu yake mwenyewe, na safari ya kuelekea ngomeni akaisindikiza kwa utangulizi wa Das Rheingold ya Wagner.