Vikomo vya Muda vya Seva na Upokeaji wa Mafaili Makubwa

Miongoni mwa kazi ambazo mwanachuo wa ualimu aweza kutakiwa kuziwasilisha siku hizi ni video ya somo alilofundisha wakati wa mazoezi ya kufundisha. Video ya kipindi cha dakika 40 iliyopigwa kwa simu yaweza kufikia megabaiti 300, au hata kuzidi. Katika chuo kimoja tulichopata kufanya kazi, wanachuo kadhaa waliandikiwa kuwa hawakuwasilisha, ilhali walishinda kutwa nzima wakipakia video zao kwa bando walizonunua wenyewe. Nasi, yafaa tukiri, tuliwadhania uvivu.

Fundi wa seva alipoelezwa, alifungua mipangilio ya PHP, akakuta max_execution_time ni sekunde 30, akaipandisha hadi 3600. Malalamiko yakaendelea vilevile. Hapana ajabu. PHP haianzi kutekeleza programu ya upokeaji mpaka faili zima liwe limekwisha kuwasili. Kikomo hicho huhesabu muda wa programu kufanya kazi, wala si muda wa faili kusafiri. Hata amri ya set_time_limit ikiandikwa katika mstari wa kwanza haifai kitu kwa safari hiyo, kwa kuwa isomwapo safari imekwisha.

Tunapolifundisha jambo hili, tusianze na majina ya mipangilio. Tuanze na hesabu ubaoni. Megabaiti 300 ni takribani megabiti 2400. Mtandao wa simu ukipandisha megabiti 2 kwa sekunde, safari huchukua sekunde 1200, yaani dakika 20. Kisha tuwaulize wanachuo: katika dakika hizo 20, ni nani anayelipokea faili? Wengi hujibu kuwa ni PHP. Lakini katika seva ambazo Nginx hukaa mbele na PHP-FPM nyuma, Nginx kwa kawaida yake hulipokea ombi zima kwanza, ndipo hulikabidhi kwa PHP. Ni mfano wa karani wa ghala ahesabuye magunia yote langoni kabla ya kumwita mwenye mali.

Karani huyu ana saa yake, client_body_timeout, ambayo isipobadilishwa ni sekunde 60. Sekunde hizo si za safari nzima, bali ni za ukimya baina ya pokeo moja na la pili. Mwenye mtandao wa polepole usiokatika hafukuzwi hata akitumia saa nzima. Afukuzwaye ni yule ambaye mtandao wake umenyamaza kwa zaidi ya dakika moja, na kumbukumbu za seva huandika 408. Kwa shule za mazoezi ambako mawimbi ya simu hupotea na kurudi, twaona sekunde 300 zinafaa zaidi.

Saa ya pili ni fastcgi_read_timeout, nayo ni sekunde 60: muda ambao Nginx huingojea PHP itoe jibu. Kosa letu lilikuwa hapa. Programu ya chuo, baada ya kuihifadhi video, iliita programu nyingine ya kuipunguza ukubwa, na ndipo ikaandika jina la mwanachuo katika orodha. Kazi hiyo ilihitaji dakika kadhaa. Katika Linux, muda ambao PHP huingojea programu ya nje hauhesabiwi katika max_execution_time. Kwa hiyo hata zile sekunde 30 za awali hazikuwa na hatia. Nginx ndiyo iliyochoka kungoja, ikamrudishia mwanachuo kosa 504, naye akaanza upya kwa bando jingine. Zaidi ya hayo, request_terminate_timeout ya PHP-FPM ilikuwa imewekwa sekunde 120, ikaikatiza programu kabla jina halijaandikwa. Video tulizikuta baadaye ndani ya diski, zimetulia, hazina wenyewe.

Dawa haikuwa kuongeza muda. Tuligeuza mpangilio wa kazi: video ihifadhiwe, jina liandikwe, jibu litolewe papo hapo, upunguzaji wa ukubwa ungoje usiku. Ile 3600 tukairudisha kuwa 30, na walionyimwa alama wakapewa.

Vikomo vya ukubwa navyo visisahauliwe: client_max_body_size ya Nginx huanza na megabaiti 1, upload_max_filesize ya PHP 2, na post_max_size 8. Hii ya mwisho sharti iizidi upload_max_filesize, kwani ombi likiipita, PHP huikabidhi programu fomu tupu, nayo programu huweza kumwambia mwanachuo kuwa hakutuma kitu.

Kwa zoezi la darasani, seva ya majaribio yatosha. Tuishushe client_body_timeout hadi sekunde 5, tumwombe mwanachuo mmoja aanze kupakia video kisha azime data ya simu katikati ya safari, na wenzake wasome kumbukumbu za seva waeleze ni saa ipi iliyolia.