Mkasi Uliokosekana Likoni

Saa kumi na moja alfajiri foleni ya wanaovuka kutoka Likoni kwenda kisiwa cha Mombasa huwa ishaanza kuteremka kuelekea feri. Wengi ni kina mama: wafanyakazi wa majumbani, makarani, wauguzi, wachuuzi wanaofuata mali masoko ya Marikiti na Kongowea. Vichwa vyao vinasema juma lilivyokwenda. Huyu ana rasta za wiki ya saba na mizizi imeota kidole kizima. Yule kafunga kilemba kwa sababu hakuwahi kuchana. Wa tatu kajitanda mtandio juu ya nywele ambazo bado zina maji, na ifikapo adhuhuri kichwa kitamwasha.

Anayevuka kwa miguu halipi nauli, ila analipa kwa saa zake. Mama anayetoka Shika Adabu gizani na kurudi magharibi ana nusu siku moja tu kwa wiki ya kushughulikia kichwa chake, na nusu siku hiyo inagombewa na nguo za kufua, soko, na mabinti wanaotaka kusukwa mistari ya shule. Biashara ya nywele Likoni imejengwa juu ya nusu siku hiyo. Naamini inaitumia vibaya, na wanaoumia ni wawili: mama na msusi wake.

Pesa kubwa ziliiona biashara hii zamani. Mwaka 2011 kampuni ya Godrej ya India ilinunua asilimia 51 ya Darling, inayotengeneza nywele bandia. Mwaka 2013 L'Oréal ya Ufaransa ikanunua Nice & Lovely kutoka kwa Paul Kinuthia, Mkenya aliyeanza kwa kuchanganya bidhaa zake kwa mkono. Kampuni zote mbili zilinunua kitu kinachotiwa kwenye pakiti au chupa. Msusi wa Bofu au Timbwani, huku Likoni, hana pakiti yake. Anachouza ni vidole na muda.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme rasta nyembamba zinasukwa kwa shilingi 1,000, mteja kaja na pakiti zake, kazi ni saa sita. Mwenye saluni akichukua nusu, msusi anabaki na 500, yaani shilingi 83 kwa saa, na mgongo unaomuuma hadi keshokutwa. Sasa tuseme yuko fundi anayejua kukata nywele za kipilipili zikapata umbo, dakika 40, kwa shilingi 500. Kwa mgao uleule anabaki na 250, na saa yake imempa shilingi 375. Mama naye kafika nyumbani kabla chungu hakijatoka jikoni.

Fundi huyo ni adimu. Ukisema kukata nywele, wengi huelewa kunyoa, na kazi hiyo ni ya kinyozi na mashine yake. Mwanamke aliyeamua kuondoa nywele zenye dawa ya kunyoosha aanze upya huishia kwenye kiti cha kinyozi, katikati ya vijana wanaochorwa ndevu, na kinyozi humpunguza sawasawa kote kama anayefyeka uwanja. Saluni zenyewe zina machanuo, draya, vibanio na pasi ya nywele. Mkasi uliopo ni wa kukatia ncha za rasta.

Na mkasi ndio unaomwokolea mama asubuhi zake. Nywele za kipilipili hutoka kichwani zikiwa zimejikunja kama springi. Zikiwa na maji hurefuka, zikikauka hurudi, na zinaweza kuonekana fupi kuliko nusu ya urefu wake. Ncha zilizochakaa hukamatana zikafanya mafundo madogo, na ni mafundo hayo yanayomliza mtoto na kumchelewesha mama mbele ya kioo. Ncha zikipunguzwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na nywele zikikatwa kwa umbo, huweza kuachwa wazi: maji kidogo ya kunyunyiza, mafuta ya nazi, vidole, basi. Huko New York, Lorraine Massey alijulikana kwa kukata nywele za mikunjo zikiwa kavu, msokoto mmoja mmoja, ili fundi aone zitakakotua.

Mimi nilijifunza haya kwa hasara. Katika saluni moja ya ng'ambo walinivuta nywele mbichi zikanyooka, wakakata mstari safi, nikatoka nimefurahi. Zilipokauka upande wa kushoto ulikuwa juu ya sikio na wa kulia shingoni. Nilifunga kilemba miezi miwili.

Gharama nyingine isiyoandikwa kwenye kibao cha bei ni maji. Kuosha kichwa chenye nywele nyingi za asili kunakula maji mengi, na mifereji ya Likoni ikikauka saluni hununua kwa mtungi wa lita 20 kutoka mkokotenini. Wengine hutumia ya kisima. Ya chumvi hayatoi povu na huacha nywele ngumu kama kumbi. Msusi mwerevu huoshea ya kisima na kuweka mtungi mmoja wa maji matamu kwa suuza ya mwisho.

Rangi nayo ina mtego wake. Hina ya kweli, iliyokandwa kwa chai na ndimu, hukaa usiku chini ya kofia ya nailoni mama akiwa amelala, na mvi hutoka nyekundu ya machungwa. Inayoitwa hina nyeusi mara nyingi ina kemikali ya PPD, ileile ya piko inayowababua maharusi mikono. Ijaribiwe kidogo nyuma ya sikio na kusubiriwa siku mbili. Saluni chache hufanya hivyo, kwa kuwa mteja kaja leo na harusi ni leo.

Soko lenyewe linageuka. Mnamo Oktoba 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake 33,497 walikadiria kwamba wanaotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka wana uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia miaka 70, dhidi ya 1.64 kwa wasiotumia. Utafiti huo haujathibitisha kuwa dawa ndiyo chanzo, lakini kina mama wanaiacha, na wanaingia saluni wakiulizia kukatwa nywele za asili kwa umbo, jambo ambalo kibao hakina.

Mtongwe yupo msusi mmoja aliyeanza kulijibu. Nyuma ya pazia, ili wenye kujitanda wavue mtandio kwa amani, anazigawa nywele za mteja mafungu manne, anakata zikiwa kavu, anasimama mbali, anatazama, anarudi. "Mamangu, inua kidevu," anasema, na mtoto wa mteja kalala begani. Kazi ikiisha anaufuta mkasi, anauviringa kwenye kitambaa na kuuweka juu kabisa ya kabati. Binti yake ana kazi ya shule ya kukata makaratasi, na karatasi huufanya mkasi butu.