Uwanja wa Kwaraa na kipato cha Babati

MJI wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, umezoeleka kwa mbaazi, mahindi na samaki wa ziwani. Uwanja wa Tanzanite Kwaraa umeuongezea bidhaa nyingine: soka.

Oktoba 14, 2023 uwanja huo ulipokea kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru. Msimu wa 2024/2025 Fountain Gate, timu iliyotokea Singida, iliufanya uwanja wake wa nyumbani katika Ligi Kuu. Simba ilicheza hapo Februari 2025, Yanga ikafuata Aprili.

Babati ni njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida, hivyo mashabiki hufika kwa urahisi. Mgeni hula, hulala na kupanda bodaboda. Mama lishe naye hununua kuku, maharage na mboga kwa mkulima.

Hata hivyo, mfanyabiashara apige hesabu. Katika ligi ya timu 16, kila timu hucheza nyumbani mechi 15 tu kwa msimu, na Simba na Yanga huja mara moja moja. Kukopa fedha za kujenga kibanda kwa kutegemea siku hizo pekee ni hatari. Heri kufuata ratiba na kuongeza bidhaa ambazo zikibaki zitauzika kesho yake sokoni.

Aidha, timu huweza kuhama, na uwanja usiokidhi vigezo hufungiwa. Kwa hiyo nyasi za Kwaraa zikinyauka, hasara itafika hadi kwenye jiko la mama lishe.