Dona au Sembe: Namna ya Kuchagua Wanga kwa Busara

Watu wengi waonywapo kwamba chakula cha wanga kikizidi huleta unene, na kwamba unene huchochea ugonjwa wa kisukari, hudhani kuwa hawana budi kuacha ugali. Uamuzi huo si wa lazima. Gramu moja ya wanga huupa mwili kilokalori 4 hivi za nishati, na nishati hiyo ndiyo imwezeshayo mkulima kushika jembe na mwanafunzi kufuata somo. Swali la msingi ni hili: wanga umetoka katika chakula gani, umeliwa kwa kiasi gani, na umeliwa pamoja na nini?

Punje ya hindi yaweza kutoa sehemu ya jibu. Mwanafunzi akiiloweka usiku kucha, kisha akaipasua katikati kwa wembe, ataona ganda la nje, kiini ambacho ndicho mche wa kesho, na akiba ya chakula cha mche huo, iliyo kubwa kuliko sehemu nyingine zote. Akidondosha iodini, akiba hiyo hugeuka rangi ya buluu iliyokoza karibu na weusi, dalili ya wanga. Kiini hubadilika kidogo tu, kwani utajiri wake ni mafuta, protini na vitamini. Ganda nalo lina nyuzinyuzi kwa wingi.

Mahindi yakobolewapo ili kupata sembe, ganda na sehemu kubwa ya kiini hutoka pamoja na pumba, nazo pumba hupewa mifugo. Mlaji hubakiwa na wanga hasa, huku vitamini za kundi B zikiwa zimepungua sana. Viwanda vingine huongeza virutubishi katika sembe, lakini nyuzinyuzi zilizopotea hazirudi. Dona, isagwayo punje nzima, huzihifadhi.

Hasara ya kukoboa nafaka ilidhihirika kisiwani Java katika miaka ya 1890. Daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu, kisha wakipona walipopewa mchele usiokobolewa. Baadaye ilibainika kwamba walikosa vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alikuwa mmoja wa wawili waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hata hivyo, dona ina sharti lake. Mahindi yahifadhiwapo yakiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo waweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa katika ganda na kiini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo mahindi ya dona yakaushwe barabara, yachambuliwe, na magunia yawekwe juu ya vichanja. Yaliyoota ukungu hayafai kwa dona, kwa sembe, wala kwa mifugo.

Aidha, dona peke yake haitoshi. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Ndiyo maana makande ni mlo wa maana. Mboga za majani na matunda hukamilisha sahani. Sukari ya kuongezwa, kwa upande wake, huleta nishati tupu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa mtu atumiaye kilokalori 2,000. Chupa moja ya soda ya mililita 300 yaweza kuwa na gramu 30.

Shule yenye ghala kavu na mashine ya kusagia iliyo jirani ina nafasi nzuri ya kuchagua. Ikikoboa mahindi yake, hulipia kazi ya kutenga sehemu bora ya chakula cha wanafunzi, kisha sehemu hiyo ikaliwa na ng'ombe.