Jinsi ya Kulijaribu Jambo Hata Kweli Yake Ijulikane

Mtu akimnywesha ng'ombe wake dawa, naye akapona, husema upesi, "Dawa hii ni njema." Nasi twauliza: je, asingalipona bila dawa? Huenda maradhi yalikwisha yenyewe. Swali hili halikatwi kwa maneno, ila kwa jaribio lililopangwa vema.

Twatoa mfano mmoja. Mwaka 1881 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alinena ya kuwa chanjo yake yaweza kuwakinga wanyama na kimeta. Wengi hawakusadiki. Basi katika shamba moja la Pouilly-le-Fort, karibu na mji wa Melun, wanyama waligawanywa makundi mawili. Kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 6 walichanjwa tarehe 5 Mei, na tena tarehe 17 Mei. Kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 4 hawakuchanjwa. Tarehe 31 Mei wote walitiwa vijidudu vikali vya kimeta, aliyechanjwa na asiyechanjwa kwa zamu, ili pasiwe na upendeleo.

Tarehe 2 Juni watu walikusanyika kutazama. Waliochanjwa walikuwa hai wote. Katika kundi la pili, mbuzi na kondoo 21 walikwisha kufa. Kondoo wawili wakafa mbele ya watazamaji, na wa mwisho kabla ya siku kwisha. Ng'ombe wao wanne hawakufa, lakini walivimba na kushikwa na homa.

Pengine tutaulizwa: mbona hao wa pili waliachwa bila kinga? Kama wote wangalichanjwa na kuishi, mpinzani angalisema, "Vijidudu vile vilikuwa dhaifu." Kundi la pili ndilo lililomnyamazisha.

Kanuni yake ni hii: makundi mawili na yafanane kwa kila jambo, isipokuwa lile moja linalojaribiwa. Mkulima apendaye kujua faida ya samadi na achague vipande viwili vya shamba, sawa kwa ukubwa na kwa udongo. Kimoja akitie samadi, kingine asikitie. Vyote viwili avipande mbegu ile ile siku ile ile, avipalilie sawasawa, na mavuno ayapime mbalimbali. Lakini akitia samadi kipande cha bondeni, akakiacha cha mlimani, hatajua kilichozidisha mavuno ni samadi au ni maji.