Mawe ya tochi yasikuishie usiku wa dharura



Uchungu wa uzazi hauchagui saa. Mama akishikwa usiku wa manane, njia ya kituo cha afya ni vilima, utelezi na giza, na akipewa rufaa ya Hospitali ya Mibirizi safari huongezeka. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, la ukubwa wa 5.9, liliua watu hapa Rusizi na ng'ambo, Bukavu. Siku kama hizo tochi na redio hutafutwa kwanza, na ndipo wengi hukuta mawe yamekwisha.

Kosa la kawaida ni kuchanganya jiwe jipya na la zamani ili kubana matumizi. Jipya hulazimika kusukuma umeme kupitia lile lililochoka, hujichosha bure, na la zamani huvuja maji yanayokula chuma cha tochi. Badilisha yote pamoja. Yaliyotolewa yasitupwe bado: jiwe lisiloweza tena kuwasha balbu mara nyingi hutosha saa ya ukutani.

Wengi huyaanika juani au kuyaweka karibu na makaa. Ni kweli, hupata nguvu kidogo, kwa sababu joto huharakisha kazi ya dawa iliyo ndani. Lakini hakuna nguvu mpya iliyoingia. Ganda huliwa upesi, jiwe huvuja, na likiangukia motoni laweza kupasuka na kumrukia mtoto machoni. Lipumzishe tu kivulini. Litarudisha nguvu kidogo bila hatari. Redio nayo ukipunguza sauti hudumu zaidi.

Tochi ya dharura isiwe ile ya kuchezea karata. Iweke pakavu, pasipo joto. Ikiwa ni ya mawe mawili, geuza moja kichwa chini ili isijiwashe ikibonywa kwa bahati mbaya, na wote nyumbani waambiwe, wasije wakadhani imekufa.

Taa ya sola: paneli ikae juani, betri kivulini ikiwezekana. Betri ya simu iliyovimba isichajiwe tena.

Tochi ndogo za funguo zina betri bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, huunguza nyama ndani ya saa 2 tu. Hata ukishuku tu, mpeleke kituoni mara moja. Usimtapishe, wala usingoje asubuhi.